SOPS na age: tathmini ya zana ya kufunga faili za .env baada ya miezi 14 ya matumizi Mombasa

Karakana yetu ina watu sita, iko ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na Moi Avenue, na kazi yake kubwa ni kuandika na kutunza programu za wateja wa mji huu: wakala wa forodha anayefuatilia makontena bandarini, hoteli mbili za Nyali, na maduka kadhaa yanayopokea malipo kwa M-Pesa. Kila programu ina faili ndogo ya mipangilio ambayo watengenezaji programu huiita .env, na ndani yake mna nywila ya hifadhidata, funguo za kuunganishia malipo, nywila ya barua pepe na mengine ambayo mtu akiyapata hana haja tena ya kuvunja mlango wowote. Kwa miaka mingi tulizibeba faili hizo kama wengi wanavyozibeba, yaani kwa WhatsApp, kwa flashi, na kwa kuombana, "Ndugu yangu, nitumie ya kwako, yangu imeharibika." Zana tuliyoichagua ili tuachane na mtindo huo ni SOPS, inayofunga siri zilizomo ndani ya faili, ikitumiwa pamoja na age, inayotengeneza funguo za kuzifungulia, na baada ya miezi 14 ya kuitumia kila siku naona ninayo ya kutosha kusema, mema na mabaya.

Mambo mawili ndiyo yaliyotusukuma. La kwanza ni jioni moja ya Ijumaa ambapo seva ya mteja ilikataa kuunganika na hifadhidata kwa sababu nywila ilikuwa imebadilishwa asubuhi, na mtu pekee aliyekuwa na faili sahihi alikuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, simu yake imezimika. Tulimsubiri avuke, afike nyumbani, achomeke simu, na mteja naye akatusubiri sisi. La pili ni la aibu zaidi. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo aliandika `git add .`, amri ya kuingiza faili zote katika Git, yaani mfumo unaotunza historia ya msimbo, bila kuangalia, faili ya .env ikaingia katika hazina ya msimbo pamoja na kila kitu kingine, na alipogundua akaifuta katika hatua iliyofuata, akaamini kwamba mambo yamekwisha. Git haisahau hivyo. Kilichofutwa leo bado kimo katika historia ya jana, na yeyote mwenye nakala ya hazina hiyo anaweza kurudi nyuma akakisoma. Hata hazina ya faragha si kinga ya kutosha: mwaka 2016 wadukuzi waliingia katika hazina ya faragha ya wahandisi wa Uber iliyokuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina za Git, wakakuta humo ufunguo wa huduma za Amazon, na kwa ufunguo huo wakachota taarifa za watu milioni 57.

SOPS ilianzia Mozilla mwaka 2015, kwa mkono wa Julien Vehent, na tangu mwaka 2023 inalelewa chini ya Cloud Native Computing Foundation, taasisi inayolea programu huria za wingu. Imeandikwa kwa lugha ya Go, hutolewa bure kwa leseni ya MPL 2.0, na huja kama faili moja ya kuendesha ambayo unaiweka mahali pake na kazi ya usakinishaji inaishia hapo. Yenyewe haitengenezi funguo za watumiaji. Kazi hiyo huachiwa huduma za wingu kama AWS KMS ya Amazon, au PGP, zana ya zamani ya kufunga ujumbe na faili, au age. Sisi tulichagua age, iliyoandikwa na Filippo Valsorda, kwa sababu PGP tuliwahi kuijaribu na nusu ya watu wetu hawakuwahi kuelewa funguo zao zilikuwa wapi. Kwa age, amri moja ya `age-keygen` inakupa mistari miwili ya maana: ufunguo wa hadharani unaoanza na age1, ambao unaweza kumpa yeyote, na ufunguo wa siri unaoanza na AGE-SECRET-KEY-1, ambao haupaswi kutoka katika kompyuta yako. Jambo dogo lililonifurahisha ni kwamba mwandishi wake anataka jina hilo litamkwe kwa sauti ya Kiitaliano, g ikiwa nzito na e ikisikika, kwa hiyo Mswahili akilisoma kama lilivyoandikwa anapatia, na wanaolisoma kwa Kiingereza ndio wanaokosea.

Sifa iliyotufanya tubaki na SOPS, na ambayo kwangu ina uzito kuliko nyingine zote, ni kwamba inafunga thamani na kuyaacha majina wazi. Ukifungua faili iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa ufunguo, utaona bado imeandikwa DB_PASSWORD, utaona MPESA_PASSKEY, lakini mbele ya alama ya sawasawa utakuta maandishi marefu yanayoanza na ENC[AES256_GCM na kuendelea kwa herufi zisizosomeka. Anayepitia mabadiliko kabla hayajaunganishwa katika tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, anaweza kusema kwa yakini kwamba mwenzake amebadilisha nywila ya hifadhidata na hakugusa kitu kingine, kwa kuwa thamani ambazo hazikuguswa hubaki na maandishi yale yale zilizokuwa nayo. Kabla ya hapo hatukuwa na njia yoyote ya kujua ni lini mpangilio fulani ulibadilika, au ni nani aliyeubadilisha. Sasa historia ya siri zetu inasomeka kama historia ya msimbo wenyewe, na ule ugomvi wa "faili yangu ni mpya kuliko yako" haujasikika tena ofisini.

Namna inavyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa maana ndipo nguvu yake na udhaifu wake vinapotoka. Kila faili hupewa ufunguo wake wa data, na ufunguo huo ndio unaosimba thamani zote. Kisha ufunguo wa data wenyewe husimbwa mara moja kwa kila mtu aliyeruhusiwa, kwa kutumia ufunguo wake wa hadharani, na nakala hizo huandikwa chini ya faili, katika mistari inayoanza na sops_. Hivyo watu sita wanafungua faili moja bila kushirikiana nywila hata moja. Kuna pia alama ya uthibitisho inayokokotolewa juu ya faili nzima, na kila thamani imefungamanishwa na jina lake, kwa hiyo mtu akihamisha thamani ya mstari mmoja kwenda mwingine, au akifuta mstari kimyakimya, SOPS itagoma kufungua. Niliijaribu mwenyewe kwa kubadilishana nywila ya majaribio na ya uzalishaji, yaani ya mfumo halisi unaotumiwa na wateja, ndani ya faili iliyosimbwa, na ikagoma kweli.

Nasisitiza neno kusimba kwa sababu mwenzetu mmoja, mtu mwerevu kabisa, aliwahi kutuuliza kwa nini tusiziandike siri kwa Base64 tu, njia ya kuandika data yoyote kwa herufi za kawaida, tukapumzika. Base64 ni kile kinyume tulichokuwa tukisema utotoni, ambapo silabi ya mwisho inatangulia na nyumba inakuwa mbanyu: asiyejua mchezo anashangaa, anayejua anacheka. Haina ufunguo, na kisicho na ufunguo si kufuli.

Matumizi ya kila siku ni mepesi kuliko nilivyotarajia. Sheria za nani anafungua faili ipi huandikwa katika faili inayoitwa .sops.yaml, ambayo hukaa wazi katika hazina. Yetu inasema kwamba faili za majaribio zinafunguliwa na watu wote sita, na za uzalishaji, hapo mwanzo, zilifunguliwa na watu watatu na seva yenyewe. Amri ya `sops edit` hufungua faili katika kihariri chako ikiwa imesimbuliwa, na ukihifadhi na kufunga, huisimba tena. Wanaotumia Visual Studio Code wahakikishe wameweka `code --wait` kuwa kihariri, la sivyo SOPS itadhani umemaliza kabla hujaandika neno. Mwenzetu mmoja alipoteza asubuhi nzima kwa jambo hilo. Katika seva tunatumia `sops exec-env`, ambayo husimbua siri na kuikabidhi programu kama vigezo vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa inapoanzishwa, bila kuacha faili ya wazi kwenye diski. Anayefikiri kwamba hapo siri haionekani kabisa asijidanganye: mwenye mamlaka ya juu katika seva anaweza kusoma mazingira ya programu inayoendeshwa, na hakuna zana ya aina hii inayodai kuzuia hilo.

Yote hayo, kwa funguo za age, hufanyika ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Mtu anaweza kushangaa kwamba nalitaja jambo hilo katika mji ambao nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinaingilia ufukweni mwake, lakini waya kufika pwani na mtandao kufika ghorofa ya tatu wakati wa mvua za masika ni mambo mawili tofauti.

Sasa kasoro, na zipo.

Ya kwanza itamkuta karibu kila anayeanza. SOPS huitambua aina ya faili kwa mwisho wa jina lake. Faili inayoitwa `production.env` inaeleweka, ile inayoitwa `.env.production`, ambao ndio mtindo wa mifumo mingi ya wavuti, haieleweki, na SOPS huichukulia kama faili isiyo na muundo, ikaifunga yote kuwa fungu moja. Hakuna onyo lolote. Siri inakuwa salama, lakini ile faida ya kusoma majina imepotea, na mtu asiyejua atadhani ndivyo zana ilivyo. Unaweza kuilazimisha kwa kuandika `--input-type dotenv --output-type dotenv` kila mara. Sisi tuliona heri kubadilisha majina ya faili zetu zote.

Ya pili ni alama za nukuu. Maktaba nyingi zinazosoma .env huziondoa alama za nukuu zinazoizunguka thamani, lakini SOPS huzihesabu kuwa sehemu ya thamani. Tulipohamia `exec-env`, nywila moja iliyokuwa imeandikwa ndani ya nukuu ilifika kwenye hifadhidata ikiwa na nukuu zake, ikakataliwa, na tukatumia saa mbili kuulaumu mtandao. Kosa lilikuwa letu kwa kutosoma, ila naona maelezo rasmi yangeweza kulitaja jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Kila faili inapohaririwa, ile alama ya uthibitisho hubadilika, na mstari wa wakati wa mabadiliko hubadilika pia. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wakihariri faili moja katika matawi mawili, hata kama mmoja ameongeza mstari wa barua pepe na mwingine amegusa hifadhidata, Git itasema kuna mgongano, na mgongano huo huwezi kuusuluhisha kwa mkono kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuikokotoa alama hiyo kichwani. Dawa yake ni kuchukua upande mmoja mzima, kisha kurudia mabadiliko ya upande wa pili kwa `sops edit`. Kwa watu sita jambo hilo hutokea mara chache na linavumilika. Kwa watu 40 wanaogusa faili moja nisingelivumilia. Kuna pia jambo dogo ambalo wenye shaka watalipenda: urefu wa thamani haufichwi, kwa hiyo anayeitazama faili anaweza kukisia kwamba nywila yako ina herufi nane. Jibu ni kutokuwa na nywila ya herufi nane.

Kuhusu kupoteza ufunguo, SOPS haina huruma, wala haipaswi kuwa nayo. Ukipotea ufunguo wa mwisho wenye kufungua faili, faili hiyo imekuwa takataka. Tulitengeneza ufunguo wa akiba usio wa mtu yeyote, tukauongeza katika kila faili, na sehemu yake ya siri tukaiweka kwenye flashi mbili. Baada ya miezi michache moja iligoma kusomeka, na tulipoitazama mdomo wake ulikuwa umeshika kutu, maana ofisi inapokea upepo wa baharini mchana kutwa na chumvi haibagui. Sasa ufunguo huo umechapishwa kwenye karatasi, ambayo kwa bahati inatosha kwa kuwa ni mstari mmoja tu wa herufi kubwa na tarakimu, na karatasi imo ndani ya bahasha iliyofungwa, katika kasha la chuma la mhasibu wetu. Kila robo mwaka tunaifungua, tunauandika ufunguo kwa mkono katika kompyuta isiyo na funguo nyingine, na kuhakikisha kwamba faili inafunguka.

Kabla ya kuamua tulizipitia zana nyingine, na nitazitaja kwa ufupi. Wanaoandika kwa Laravel, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti, wanayo amri ya `env:encrypt` tangu mwaka 2022, nasi bado tunaitumia kwa mteja mmoja. Ni rahisi, lakini kwa kawaida yake hufunga faili nzima kuwa fungu moja, na ufunguo mmoja hushirikiwa na wote, hivyo tunarudi pale pale pa kutumiana ufunguo kwa WhatsApp. git-crypt hufanya kazi kimyakimya nyuma ya Git na wengi huipenda kwa hilo, ila nayo hufunga faili nzima, na maelezo yake yenyewe yanakiri kwamba haina njia ya kumwondolea mtu ruhusa aliyokwisha kupewa. dotenvx inavutia, inafunga thamani moja moja kama SOPS, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake ningeipendekeza bila kusita. Kwa kikundi, tatizo la ufunguo mmoja wa siri kwa wote linabaki. Huduma za wingu za kutunza siri ni imara na zina kumbukumbu za nani alisoma nini, jambo ambalo SOPS na age haziwezi kukupa, lakini AWS Secrets Manager hutoza senti 40 za dola kwa kila siri kwa mwezi, na mwenye duka la Mwembe Tayari anayetulipa kwa shilingi hatakuelewa ukimpelekea ankara ya kutunza nywila.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo naona wauzaji na wasifiaji wa zana hizi hulipita haraka, nalo ni siku mtu anapoondoka. Mwezi wa tisa wa matumizi yetu, mwenzetu mmoja alipata kazi Nairobi, tukaagana vizuri. Kumwondoa katika SOPS kulichukua kama dakika kumi: tulifuta ufunguo wake wa hadharani katika .sops.yaml, tukaendesha `sops updatekeys` kwa kila faili ili nakala yake ya ufunguo wa data iondoke, kisha `sops rotate` ili ufunguo wa data wenyewe ubadilike. Mtu angeishia hapo akaridhika. Lakini kompyuta yake ilikuwa na nakala ya hazina nzima pamoja na historia yake, na historia hiyo ina faili za zamani ambazo ufunguo wake bado unazifungua, na zitaendelea kufunguka kwa ufunguo huo mpaka mwisho wa dunia. Simshuku hata kidogo, na nilimweleza hivyo; kompyuta yake ikiibwa ndani ya basi la usiku, mwizi hataangalia uaminifu wake.

Kwa hiyo ilitubidi kubadilisha siri zenyewe kule zinakotoka: nywila za hifadhidata, funguo za barua pepe, funguo za malipo za kila mteja. Kazi hiyo ilichukua siku mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kuwasubiri wateja watoe idhini. Mteja mmoja aliuliza kama tumevamiwa, na swali hilo lina uzito, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mdhibiti wa data, ambaye hapa ni mteja, saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data pale taarifa za watu zinapofikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya madhara kwao, nasi tunaoshughulikia data kwa niaba yake tunatakiwa kumwambia bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Tulimweleza kwamba hakuna uvamizi, ni mfanyakazi tu aliyehama. Aliridhika, kisha akauliza kwa nini basi anapewa usumbufu huo, na ikanilazimu kumchorea kwenye karatasi tofauti kati ya kubadilisha kufuli na kubadilisha kilichomo sandukuni.

Kama SOPS ingekuwa na orodha ya kunionyesha kwamba mtu fulani aliwahi kuweza kusoma siri zipi hasa, toka lini hadi lini, siku hizo mbili na nusu zingepungua kuwa moja. Orodha hiyo haipo. Tuliitengeneza kwa mkono kutoka katika historia ya Git, faili baada ya faili. Tangu hapo tumepunguza idadi ya wanaofungua faili za uzalishaji kutoka watatu hadi wawili, mmoja anayeishi Likoni na mwingine anayeishi Nyali.

Kwa karakana ya watu watatu hadi kumi na watano, wenye msimbo ndani ya Git na seva wanazozitunza wenyewe, naipa SOPS pamoja na age alama nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya migongano ya matawi.